Uvimbe wa Leonidas

Mimi na Leonidas tumepakana kwa mfereji mmoja na safu ya mibirizi, ile miti yenye majani machungu, tangu nilipoolewa hapa Kanoni, na mkewe Speciose aliletwa mwaka uleule nilioletwa mimi. Kwa hiyo nikimsema, sisemi ya kuambiwa. Nimemwona akiamka, nimemwona akila, na zaidi ya yote nimemwona akikaa. Kukaa ndiyo kazi aliyoifanya kwa bidii maishani mwake.

Alikuwa mtoto wa pili wa bibi Nyirabageni, mama mjane ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani, wakapewa ardhi, wakapanda migomba. Wa kwanza ni Anastazi. Baba yao alipofariki kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilikatwa vipande viwili, kila mmoja na kahawa yake na migomba yake. Anastazi alikuwa mkavu kama fito, maneno machache. Leonidas alikuwa na mapaja kama nguzo za ghala, na shingo ya fahali. Ukimwona kwa mbali ungesema, hapa pana mtu.

Vita vya Amin vilipofika kwetu mwaka 1978, balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Cassian, alipita kila mji akisema anahitaji mwanamume mmoja mwenye nguvu kwa ajili ya mgambo. Katika mji wa Nyirabageni hakukuwa na mjadala. Anastazi alikuwa na watoto wadogo. Leonidas alikuwa ameoa juzi tu, hana mtoto, na nguvu zake zilionekana hata na vipofu. Siku ya kuandikishwa tulikwenda wote ofisi ya chama kuwasindikiza vijana. Wakaitwa mmoja mmoja. Alipofikiwa Leonidas, akapiga hatua mbele, akashika kifua, akaenda chini kama mgomba uliokatwa.

"Moyo!" akalia. "Moyo wangu unapasuka!"

Tabibu aliyekuwapo akapiga magoti, akamwekea kifaa chake kifuani, akasikiliza. "Unakwenda mbio sana," akasema.

"Wa nani leo hauendi mbio?" mzee Cassian akamuuliza.

Watu wakacheka kidogo, halafu wakasogea karibu, maana Leonidas alikuwa bado chini akitoa macho. Kabla hajanyanyuliwa, Anastazi akatoka katikati yetu sisi wasindikizaji, akasema, "Andika jina langu." Hakumtazama mdogo wake. Akaandikwa, akaondoka jioni ileile kwenye lori.

Alirudi mwaka uliofuata baada ya vita, mguu wa kushoto umepondeka kuanzia kwenye kifundo, akitembea kwa kuuburuta. Tulikwenda kumpokea. Leonidas alikuwa amekaa kwenye kiti barazani kwa mama yake, akanyoosha mkono bila kuinuka.

"Pole, kaka," akamwambia. "Lakini wewe una bahati. La kwako linaonekana. La kwangu liko ndani, nani ataliamini?"

Nilisikia kwa masikio yangu. Anastazi akampa mkono, akaingia ndani kumsalimia mama.

Basi tangu hapo kila kazi ilipokuja, moyo nao ulikuja. Palizi ikianza, moyo unadunda. Kahawa ikiiva, moyo unabana. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva, moyo unatulia, na mwenyewe anaweza kutembea hadi Chonyonyo na kurudi akiimba. Speciose alilima peke yake mimba ikiwa tumboni, na akajifungua Therese, binti yao wa kwanza, akitokea kuchuma kahawa. Anastazi alikuwa akimaliza kibanja chake anavuka kwenda kupunguza majani ya migomba ya mdogo wake, akiuburuta mguu. Na yule mwenye migomba yuko kwenye kiti, anamwonyesha kwa kidole, "Kaka, umeruka ule pale."

Mara moja nilimwambia Speciose tukiwa shambani, "Mama Therese, mumeo hana ugonjwa. Ana uvivu."

Akaegemea jembe. "Na mimi nafikiri hivyo," akasema. "Lakini kama ni kweli je? Nikimlazimisha akafia shambani, mtaniitaje?"

Nikainama, nikaendelea kulima. Hapo ndipo Leonidas alipomshikilia, kwenye hilo "kama ni kweli".

Mwaka 1988 hospitali moja ya misheni ilipata mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti. Wanawake wote wenye mimba wakaambiwa waende. Speciose alikuwa na mimba iliyomsumbua, akaenda. Mumewe akasema hawezi kumwacha mke peke yake njiani. Wakaenda hivi: Leonidas juu ya baiskeli, Speciose kwa miguu nyuma, tumbo mbele.

Daktari aliyekuwa na mashine siku hiyo alikuwa mzee wa Kizungu, mgeni wa miezi michache, na sista mmoja alikuwa akimtafsiria. Speciose alipimwa, mtoto akaonekana mzima. Kabla hajafunga kanga, Leonidas ameshaingia nyuma ya pazia akivua shati.

"Sista, mwambie daktari na mimi anitazame moyo. Nateseka miaka kumi."

Sista akamwambia mashine ni ya wajawazito. Yeye akajilaza kitandani. Yule mzee, naona kwa upole wake tu, akacheka, akampaka ute wa baridi kifuani, akaweka kile kidude chake katikati ya mbavu. Speciose alikuwepo. Anasema kwenye kioo palikuwa na weusi na weupe unaochemka, kama mvua ikipiga matope, na katikati kitu kinafunga na kufungua. Daktari alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaacha. Akarudisha kidude palepale, akakiinamisha, akakodoa macho, akamwita sista aje aone.

Sista akatafsiri polepole. "Daktari anasema anaona kitu ndani ya moyo, chumba cha juu, upande wa kulia. Huenda ni uvimbe. Uvimbe wa moyo ni ugonjwa wa nadra sana, madaktari wengine wanafanya kazi maisha yao yote bila kuuona. Na huenda si uvimbe kabisa. Mashine hii haikutengenezwa kwa ajili ya moyo, picha yake haitoshi. Anasema uende Mwanza, hospitali kubwa, wakakupime kwa mashine inayofaa. Usikawie."

Speciose aliniambia, "Nilimtazama usoni nikitegemea kuona hofu. Nikaona mtu aliyepewa cheo."

Kwa haki nitasema hili: hofu nayo ilikuja, ila ilichelewa. Siku chache baadaye nilipita kuomba moto, nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili na kikombe kinagonga meno. Hakuniona. Siku hiyo nilimhurumia, na ndiyo siku pekee.

Ikapita wiki, hofu ikaisha, akabaki na cheo. Kile kiti chake akakihamishia kando ya njia ili wapitao wasimkose. Kama mtu anatoka zahanati, anamsimamisha. "Una nini wewe? Malaria? Malaria si ugonjwa, ni uchovu." Mwenye kifaduro, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ngiri, wote aliwadharau. Kwenye msiba wa jirani yetu aliyekufa kwa kichomi, tukiwa tumekaa kwenye majani, watoto wa marehemu wanalia, Leonidas alisimama kutoa pole. Akasema marehemu amepewa neema ya kuondoka haraka, tofauti na wengine wanaoishi na jiwe moyoni. Wafiwa wakajikuta wanampa pole yeye.

Na watu, sijui niwaite nini, walimlea. Walikuja kutoka Chonyonyo, wakatoka hata Nyaishozi, kumwona mtu mwenye kitu moyoni. Walimletea kuku, walimletea lubisi kwenye kibuyu, wakakaa kumsikiliza. Uvimbe ulianza ukiwa kama punje ya harage. Ukaja kuwa kama yai la kuku. Mwaka wa tatu ulikuwa yai la bata, na ulikuwa na mizizi. Mimi nilikuwa nikisikia kutoka upande wangu wa mfereji, nasema kimoyomoyo, hebu nao ukue basi.

Mwanza lakini hakwenda. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja katika mji mdogo wa Omurushaka, jina lake Saleh, mtu mwenye huruma, asili yao Pangani. Saleh alimwambia mara nyingi, "Bwana Leonidas, shemeji yangu anakaa Mwanza karibu na hospitali. Nenda, ulale kwake, upimwe." Majibu hayakukosekana. Mvua ni nyingi. Jua ni kali. Meli huzama. "Na wakinifungua kifua, Saleh, ukiwa ni uvimbe wenye mizizi, watauacha wapi moyo?" Saleh akamfungashia sukari, akamwacha.

Ikafika 1994. Yaliyotokea Rwanda mnayajua, sina haja ya kuyaeleza. Watu walimiminika kwetu mpaka vilima vikabadilika rangi. Wengi walikaa kambini, lakini waliokuwa na ndugu walitafuta ndugu. Kwa bibi Nyirabageni akaja Mukabera, binti wa mdogo wake wa kiume aliyerudi kuishi Rwanda. Alifika na mtoto mmoja mgongoni. Alikuwa ameondoka kwao na watoto wanne na mume. Speciose akampa chumba cha jikoni, na asubuhi ya pili Mukabera alikuwa ameshashika kisu, anamenya ndizi pamoja nasi. Hakuwa anasema mengi.

Siku hiyo nilikuwepo, nimepeleka maharage. Leonidas alikaa karibu na mlango, anatutazama tukimenya. Akakohoa kidogo kama afanyavyo akitaka kusikilizwa.

"Dada Mukabera, pole sana," akasema. "Nimesikia yaliyokupata. Lakini shukuru Mungu, wewe ulichopoteza kilikuwa nje yako. Mimi kifo changu nimekibeba humu." Akajigusa kifua.

Speciose aliacha kumenya. Mimi nilitamani ardhi inifunike kwa ajili yake. Mukabera akaweka ndizi chini taratibu, akamtazama.

"Kinaitwaje hicho kifo chako?"

"Uvimbe. Wa moyo. Ni wa nadra."

"Nani alikiona?"

"Mashine."

"Lini?"

"Themanini na nane."

Mukabera akachukua ndizi yake, akaendelea kumenya. "Kina subira hicho," akasema. "Cha kwetu hakikuwa nayo."

Leonidas akaguna, akatafuta mtu wa kumwunga mkono. Speciose alikuwa anafuta utomvu mikononi kwa jani, anafuta kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Baba Therese, tunakwenda Mwanza."

"Moyo wangu hauwezi safari."

"Usipoweza tutakubeba. Shemeji Anastazi atakuja kuchukua upande mmoja."

Na alimaanisha. Jioni alivuka kwa Anastazi. Anastazi alimsikiliza, akauza ng'ombe wake wa pekee, akamwambia, "Nenda naye, shemeji. Akiachwa aende peke yake atashukia Bukoba." Saleh naye akaleta habari kwamba Mwanza wamekuja madaktari bingwa wa moyo pamoja na mashine yao mpya, watakaa muda mfupi. Wakapanda basi hadi Bukoba, wakapanda meli. Leonidas aliwasimulia abiria wa daraja la tatu habari za uvimbe wake mpaka Mwanza, na Speciose anasema wakati huo yai lilikuwa limefika la mbuni, ingawa hakuna hata mmoja melini aliyewahi kuliona.

Daktari bingwa aliyewapokea alikuwa dada wa Kitanzania, mwembamba, amechoka. Mashine yake ilikuwa tofauti kabisa na ile ya misheni. Damu ilionekana ikipita kwa rangi, nyekundu ikija na buluu ikienda. Alimpima Leonidas kwa nje, akamgeuza ubavu, akamwambia apumue, asipumue. Mwisho akatikisa kichwa.

"Baba, kuna kitu kweli, lakini sikioni vizuri. Kifua chako kina mafuta mengi, mawimbi yanafifia kabla ya kufika."

Speciose akainamisha kichwa. Alijua yale mafuta yametoka kwenye jembe la nani.

Kwa hiyo ikabidi apimwe kwa njia ya koo. Ni mpira mweusi mrefu, unene wake kama kidole, nchani una kijicho cha altrasaundi, unamezwa hadi nyuma ya moyo, kwa kuwa pale hakuna mbavu wala mafuta ya kuzuia. Hapo ndipo mwenye kubeba kifo miaka yote alipolia kama mtoto anayechanjwa. Alimng'ang'ania mkewe kanga, akasema anakufa, akasema yuko tayari kurudi nyumbani. Walimpulizia dawa ya ganzi kooni na kumchoma ya kumlegeza. Wakati ule ule muuguzi alitikisa maji ya chumvi kwenye bomba la sindano mpaka yakawa na povu, akayaingiza kwenye mshipa wa mkono.

Daktari alimruhusu Speciose asimame karibu na kioo. Aliona chumba cha moyo ni cheusi, halafu povu likaingia, chumba chote kikawa cheupe kama maziwa. Na katikati ya weupe ule, kitu chembamba kikipepea.

Leonidas alipozinduka vizuri, daktari akavuta kiti.

"Uvimbe wa kweli," akasema, "mara nyingi una shina pale uliposhikilia, ni mnene, na mwingine una mishipa yake ya damu. Povu likija linalazimika kuuzunguka, unaona pengo jeusi. Cha kwako hakina hayo. Ni utando mwembamba. Sote tulikuwa nao tumboni mwa mama, kazi yake kuelekeza damu ya mtoto kabla hajazaliwa. Wengi wetu unasinyaa. Kwako umebaki mrefu, unapepea kama pazia. Yule daktari wa kwanza aliukata kwa mshazari kwenye mashine dhaifu, ukaonekana kama donge. Alifanya vizuri kukuleta kwetu."

"Kwa hiyo uvimbe umepungua?" Leonidas akauliza kwa sauti ya mkwaruzo.

"Haukuwahi kuwepo, baba."

"Na maumivu yangu?"

"Moyo wako ni mzima. Una nguvu kuliko wangu."

Nyie, yule mtu alikasirika! Wengine wangemshukuru Mungu, yeye akaketi kitandani akamwambia daktari, "Tazama tena."

"Nimeshatazama."

"Tazama tena, nasema! Mzungu mzima aliuona!"

Daktari akasimama. "Nje kuna mama ana uvimbe wa kweli," akasema. "Akilala chali hapumui, akiinama anazimia. Naomba umpishe kitanda."

Speciose alimwona mama huyo walipotoka, amekaa wima kwenye benchi, midomo ya kijivu, mwanawe amemshikilia mabega. Mama yule akamwambia Leonidas, kwa pumzi fupifupi, "Pole, kaka, naona wametesa koo lako." Leonidas akaitikia, "Asante." Speciose ananiapia kwamba aliitikia asante, akapita.

Kwenye meli ya kurudi hakusimulia abiria chochote. Walipokaribia Bukoba alimgusa mkewe. "Mama Therese, usiwaambie."

"Mimi sitasema," akamjibu. "Utasema wewe."

Na akasema. Tulikuwa tumejaa uani kwa Nyirabageni siku waliporudi, tumeleta vibuyu. Leonidas akasimama, akainua mikono yote miwili.

"Ndugu zangu, walitazama kwa mashine ya kwanza, wakatazama kwa ya pili, wakaingia mpaka kooni. Hakuna! Uvimbe umeyeyuka! Mungu ameniponya!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Nyirabageni akalia. Leonidas akaanza wimbo wa kanisani, na nilikuwa natazama uso wa Speciose, ukawa mgumu kama jiwe la kusagia. Anastazi alingoja wimbo uishe.

"Umepona kabisa?" akauliza.

"Kabisa, kaka! Kama mtoto mchanga!"

"Basi kesho utalima."

Hakusema kwa hasira. Akachukua fimbo yake akaenda zake. Mzee Cassian, ambaye meno yalishamwisha, akaanza kucheka peke yake, na akacheka muda mrefu.

Kesho yake Leonidas alikuja shambani. Alishika jembe kama anayeshika nyoka, akalima vipande viwili vitatu, akatafuta kivuli. Speciose hakumgombeza. Ila tulipokuwa kisimani wanawake wakamuuliza huo muujiza ulikuwaje, naye akaeleza sawasawa alivyoona, bila kuongeza chumvi: povu, utando, pazia. "Uvimbe haukuyeyuka," akasema. "Haukuwepo." Mukabera alikuwa anajaza ndoo yake. Nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu aje, na kicheko hicho kilimshtua hata yeye mwenyewe.

Kabla ya Jumapili kila mtu alikuwa anamwita Leonidas Pazia. Pazia anapita. Pazia, kaka yako anakuita shambani. Walioleta kuku walikuwa wakali kuliko wote, wakitaka kujua kuku wao walikwenda wapi. Mimi sikuwaonea huruma hao pia. Hakuna aliyewatuma. Walitaka kuwa karibu na ajabu, wakalisha ajabu, na jembe la mwanamke walikuwa wanaliona.

Hakumaliza msimu. Alisema anakwenda kutembelea jamaa Kaisho, watu wafugaji, akabaki hukohuko. Speciose hakumfuata wala hakutuma mtu kumwita. Mukabera akabaki naye mpaka mwisho wa 1996, watu waliporudishwa kwao, na mpaka siku hiyo walilima pamoja, migomba ikanenepa.

Therese alipoolewa, mwaka 1998, ndipo ilibidi mjumbe apelekwe Kaisho kumwambia baba wa binti. Mjumbe alimkuta amekaa barazani kwa watu, amefunikwa shuka, amezungukwa na wasikilizaji. Alirudi na jibu kwamba mzee anawatakia heri, ila safari haiwezi. Ana figo. Figo zenyewe, alisema, ni za aina ambayo haijaonekana Kaisho yote.

Speciose alisikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mjumbe chakula. Anastazi ndiye aliyemshika Therese mkono, akamtoa mlangoni, akamkabidhi kwa wakwe. Tulikula, tukacheza ngoma, na sikumsikia mtu yeyote akiuliza baba yuko wapi.